Nyuma ya Maporomoko ya Mokowe

Jamaa zangu, leo sina uso. Nimerudi sasa hivi kutoka Mokowe, nywele hazijakauka, na kabla hamjayasikia kwa watu wa Wiyoni, ambao neno wakilipata hulitia chumvi, nisikieni mimi mwenyewe.

Mnajua nimemposa binti wa Bwana Shee, na posa imekaa kwake tangu kabla ya Ramadhani. Bwana Shee hana neno nami. Mzito ni mkewe, Bi Mwana Esha. Kila akiulizwa anajibu, "Bado namuangalia." Ananiangalia wapi, Mungu ndiye ajuaye, maana mimi hushinda ndani nikishona kofia. Usingizi umeniruka. Chakula hakipiti. Mama amenifanyia hata kombe, akaiandika dua sahanini kwa zafarani, akaiosha kwa maji nikainywa. (Imenisaidia tumbo. Moyo uko vilevile.)

Jana Bwana Shee akapita dukani kwangu. "Athmani, kesho twavuka kuangalia shamba. Ndoo nasi."

Nikakubali kwenda nao kabla hajamaliza. Alipoondoka nikaanza kujiuliza. Kwa nini mimi? Ni heri au ni mtihani? Kofia niliyokuwa nikiishona nimeiharibu, itabidi niifumue yote.

Basi leo asubuhi tukavuka, mimi na Bwana Shee katika mashua moja, na Bi Mwana Esha na dada yake Bi Zena katika mashua ya nyuma. Binti hakuja, na haikupasa aje. Njia nzima sikugeuza shingo, nisije nikaonekana mtu wa kutazama wanawake. Shingo inaniuma mpaka sasa.

Shambani Bwana Shee akaanza mazungumzo marefu na mlinzi wake juu ya nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Jua likawa kali. Nikawa nalowa jasho, na nusu ya jasho lile lilikuwa la wasiwasi. Mzee akanionea huruma.

"Enda kaoge maporomokoni, kule mwituni," akaniambia. "Masika haya mai yashuka kwa nguvu. Lakini weka makubadhi yako mdomo wa ndia, watu wayue kuna mwanamume."

Hiyo ndiyo desturi ya pale. Mwanamume akiingia huacha makubadhi yake mwanzo wa njia, na mwanamke hutundika leso kwenye tawi. Anayekuja nyuma akiona alama anarudi zake. Hakuna mlango wala komeo, na watu wameogea pale miaka na miaka bila mtu kufedheheka.

Sasa, makubadhi yangu ni mapya. Nimeyanunua kwa ajili ya safari hii. Nikayapanga vizuri pale njiani, nikapiga hatua, nikasikia nyani juu ya mti. Nikarudi. Nikayasogeza chini ya kichaka. Nyani akabweka tena. Nikawaza: akichukua moja, nitatokea mbele ya wakwe na kiatu mguu mmoja, na Bi Mwana Esha ananiangalia. Nikayatia kwapani nikaingia nayo. (Ndiyo, naogopa nyani. Tuendelee.)

Msitu ule ni mzito, hata adhuhuri ndani yake ni kama magharibi. Maji yanaporomoka kutoka ukingo wa jiwe, si marefu sana, ila yana kishindo, na nyuma yake pana nafasi ya mtu kujibanza. Husemwa pana jini mwenye mahali, na wapitao humnyunyizia marashi. Nikapiga hodi. Sauti ilinitoka nyembamba, nikashukuru nilikuwa peke yangu. Nikaficha kanzu na makubadhi nyuma ya jiwe, nikaingia na kikoi changu. Maji yalikuwa baridi, matamu. Kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani nikaisahau posa.

Ndipo nikasikia sauti za wanawake.

Sikufikiri. Nikajitosa nyuma ya maporomoko, na yale maji yakanipokea kwa nguvu yote yakanivua kikoi. Nikapapasa huku na huku. Hakipo. Nikachuchumaa, maji shingoni, nikisoma kila sura ninayoijua.

Wakaja wakaketi jiweni. Walikuwa Bi Mwana Esha na Bi Zena.

"Hukuona makubadhi ndiani?" akauliza Bi Mwana Esha.

"Sikuona kitu," akajibu dada yake. "Hapana mtu."

Wakaosha miguu. Wakajaza chupa. Kisha Bi Zena akasema, "Na huyu Athmani, mwisho mwamuonaye?"

"Adabu anayo," akasema Bi Mwana Esha. "Kazi anayo. Lakini ni muoga. Mtu hawezi hata kugeuza shingo mashuani. Kesho mwivi akiingia nyumbani, mwanangu ndiye atakayemfukuza?"

Iliniuma, jamaa. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikajua posa yangu imekwisha, na mimi nimo majini bila nguo, nikisikia ikikwisha.

Na hapo kikoi changu kikatokea upande wao, kikielea polepole.

Bi Zena akainuka. "Audhubillahi. Ni mwenye mahali. Twendeni."

"Keti," akasema Bi Mwana Esha. Mwanamke yule haogopi kitu. Akanyunyiza marashi majini, akasema, "Kama ni wewe, nena. Wataka nini?"

Nikiwa kimya, atakuja kuangalia. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya tumboni. "Nataka mwende."

"Tutakwenda. Lakini wewe wawaona watu wakiwa peke yao. Athmani mshona kofia ni mtu gani?"

Mngefanya nini nyinyi? Semeni kweli.

"Ni mtu mwema," nikasema. "Hana makuu."

"Na uoga wake?"

"Umepungua." (Meno yalikuwa yakigongana.)

"Nimpe mwanangu?"

"Mpe. Upesi."

Akawa anatafakari. Wallahi alikuwa anatafakari. Nikaona harusi, nikaona ngoma, nikajiona nimevaa joho. Mara kutoka kule njiani Bwana Shee akaita kwa sauti kubwa, "Athmani! U wapi?"

Sisi tumelelewa vipi? Mkubwa akikuita, unaitika kabla hajarudia. Nilifinywa masikio utotoni kwa jambo hilo. Ulimi haukuniuliza.

"Labeka, bwana," nikaitika, kwa sauti yangu mwenyewe, wazi kabisa.

Bi Mwana Esha akajifunika uso kwa buibui, akakiokota kikoi kwa kijiti, akakirusha nyuma ya maporomoko, akanipa mgongo. "Vaa, jini," akasema.

"Muna nani humo?" Bwana Shee akauliza kutoka mbali, kasikia sauti asijue ya nani.

"Ni sisi," akamjibu mkewe. "Twaya."

Wakaondoka. Nikavaa. Mashuani nikajikunja kichwa magotini, na Bwana Shee akaniuliza kama nimeshikwa na homa. Nilikuwa nimeshaamua kuhamia kisiwani Ndau.

Tuliposhuka kwetu Amu, Bi Zena akanipitia karibu, macho chini. "Bi Mwana Esha asema posa imekubaliwa," akaninong'oneza. "Asema alikuyua tangu neno la kwanza, akakuata wende, aone utaishia wapi. Mtu akiweza kujisifu mbele yake, na hana nguo, huyo si muoga."

Basi mke nimepata. Lakini nyinyi mnajua mila yetu, bwana harusi ndiye anayehamia nyumbani kwao mke. Nawaombeni msinicheke. Huko ninakohamia yupo atakayenicheka kila asubuhi nikimwamkia, mpaka mmoja wetu afe.