Mila ya Meno Manane

Muthangari. Jumatatu, 3 Machi 1958
Taabu! Memsab, tajiri wangu, amesema Were wangu asionekane hapa baada ya Ijumaa. Chumba cha nyuma ni cha yaya, si cha watoto wa yaya. Apelekwe kwa bibi yake Bungoma, ati. Mtoto wa miezi mitano! Maziwa nitamtumia kwa posta?
Lakini nina akili. Nilifika darasa la nne. Mgeni wa Memsab, Misi Pargeter, katoka yunivasiti ya Uingereza. Kasoma miaka saba na bado anasoma! Anasomea udaktari, si wa sindano, wa kuuliza watu wanaishi vipi. Kwao aliuliza wake wa wachimba makaa. Sasa anatuuliza sisi mayaya, mila gani tumekuja nazo mjini. Memsab humsikiliza sana.
Basi mila atapata.

Jumanne, 4
Nimemwambia: kwetu Bukusu, mtoto akitenganishwa na mama kabla ya meno manane, nyumba ya tajiri huungua. Misi kaandika kurasa tatu. Kauliza moto huanzia wapi. Jikoni, nikasema. Nashon mpishi akaangusha sufuria.

Jumatano, 5
Ndunge, yaya wa jirani, hana haya! Kamwambia Misi kwao Ukambani ni meno kumi na mawili. Nikamwuliza, dada, kwani wewe una mtoto? Kacheka. Hana, ila anaweka nafasi.

Alhamisi, 6
Nimekwisha. Mama mkwe, Mama Peres, kashuka na treni kumchukua Were. Misi akamkimbilia na daftari kabla sijamkonyeza mama. Meno gani, mama akashangaa. Kwao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi, basi. Kisha akanigeukia: Namalwa, mwanangu, umeanza lini kuchoma nyumba za watu?
Nililia. Nikasema kweli. Mila sina. Nina mtoto tu.

Ijumaa, 7
Misi hakukasirika! Anasema mila za zamani wenzake wameshaziandika, vitabu tele. Yeye anatafuta jinsi mama wa mjini anavyojitungia mpya. Bila mimi na Were, kamwambia Memsab, udaktari hakuna. Memsab kakubali tubaki wote mpaka utafiti uishe. Mwakani! Mama mkwe anarudi peke yake, kanuna, lakini kamwachia Were blanketi.

Jumamosi, 8
Were kalala kifuani pangu, mzito, wa joto. Asante Mungu. Sitadanganya tena.
Ila Lazarus, baba yake, analala Muthurwa kwenye nyumba za reli. Huja Jumapili tu, na saa kumi na mbili jioni Memsab humtoa getini.
Nimewaza kidogo. Misi akimaliza chai nitamweleza: kwetu, mtoto akilala bila kusikia baba yake anakoroma, mawaridi yote ya tajiri hunyauka.