Chumvi Nyota Tatu kwa Mama Kulwa

Ndugu zangu, leo nimepiga magoti nimevaa tai. Mbele za watu. Mkononi nina jagi la maji. Naombeni mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjachagua upande (najua mtachagua upande wa Mama Kulwa, lakini nisikilizeni tu).

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Kaimu Mkuu wa Stoo kwenye kampuni moja ya pamba hapa Bariadi. Huu mwaka wa pili nakaimu. Nimekaimu mpaka ofisini hakuna anayekumbuka jina langu, wote wananiita Kaimu. Juzi mke wangu kaniambia, "Kaimu, chumvi imeisha." Barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwa bosi mpya, Madam Zuhura, na wiki ijayo ama anaisaini ama haisaini.

Madam ni mtu wa Pangani. Tangu aje huku ana wimbo mmoja tu, samaki. Jana mchana kantini kasogeza sahani pembeni akasema, "Nyie huku samaki hamumjui. Mnamjua marehemu."

Mimi kiherehere kikanipanda.

"Madam, mkoa huu nao una pwani yake! Lamadi! Ziwa lile pale. Kesho Jumamosi nakupeleka ukale sato aliyeamka ziwani."

"Unapajua pazuri?"

"Madam! Hilo niachie mimi."

(Sipajui. Lamadi huwa napita nikienda Mwanza, na chakula changu cha Lamadi ni mahindi ya kuchoma ninayopewa dirishani.)

Jioni nikakimbilia kundi la simu la Wakazi wa Lamadi. Niliingizwa humo mwaka jana nilipopoteza begi pale stendi. Begi halikupatikana, kundi nikabaki nalo. Nikaandika kwa adabu zote: "Wapendwa, kesho nina mgeni mzito. Wapi wanapika samaki mzuri kuliko kote?"

Nyie! Ningeuliza nani agombee udiwani kungekuwa na utulivu zaidi. Wa kwanza akanielekeza kwa shemeji yake. Wa pili akasema kwa huyo shemeji nisithubutu, mchuzi unaongezwa maji. Shemeji mwenyewe akatokea (kumbe naye yumo) akamuuliza wa pili lini amelipia chakula. Mmoja akasifia mahali ambapo samaki anazidi sahani pande zote mbili. Huku kwetu ndiyo sifa ya kwanza, ladha baadaye. Mzee wa kanisa akanishauri niende sehemu tulivu wasikouza bia. Dakika haijaisha, mwingine kauliza hiyo sehemu ni ipi ili aikwepe. Katikati ya yote hayo mama mmoja katuma picha ya mbuzi wake aliyepotea, na watu wawili wakauliza anapikwa wapi.

Lakini jina moja lilirudi tena na tena. Kwa Mama Kulwa. "Ukifika kituo cha bodaboda, uliza Mama Kulwa. Hata mtoto mchanga anapajua."

Sasa hapa ndipo naomba mnichape. Mimi ni Msukuma. Nimezaliwa Bariadi, bibi yangu Zagayu. Najua kabisa kwamba kila pacha wa kwanza kwetu anaitwa Kulwa. Najua kila mtaa una Mama Kulwa wake, mingine inao watatu. Nina shangazi Mama Kulwa! Sikuuliza Mama Kulwa yupi. Nikashukuru, "Wabeja sana," nikalala usingizi wa mtu aliyethibitishwa kazini.

Leo saa tano na nusu tukaondoka na pikapu ya ofisi. Madam mbele, mimi nyuma na tai yangu, dereva wetu Masanja kwenye usukani. Njiani namsimulia Madam habari za Mama Kulwa kana kwamba amenilea.

Kituoni nikashusha kioo. "Vijana, kwa Mama Kulwa wapi?"

Wakatutazama, wakaitazama tai. "Aaah, na nyie mnaenda kwa Mama Kulwa? Nyoosha hii, kata kulia penye mashine ya kusaga. Mtaona turubai."

Turubai tukaliona. Jipya, la bluu. Chini yake viti vya plastiki, meza ina kitambaa cheupe na maua. Nyuma ya nyumba moshi, sufuria kubwa kubwa, akina mama wanageuza ugali kwa miiko kama makasia. Harufu ya sato wa kukaanga ikatupokea kabla ya watu.

"Umeona, Madam? Hawana hata kibao. Chakula kizuri hakina haja ya kibao."

Akatoka mama mmoja mtu mzima, kitenge kipya, kilemba kimesimama. Kapiga goti hapo hapo kwenye vumbi, akatusalimu Kisukuma. "Mwadila!"

"Mwadila, mayu," nikajibu.

Kapokea mkoba wa Madam. Kapokea koti langu. Kamsalimia hadi Masanja habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za pamba. Tukakalishwa meza yenye maua. Pembeni, kwenye viti vya ukutani, wazee kama kumi wamekaa, kofia magotini, wanatuangalia.

Madam akaninong'oneza, "Hawa mbona hawali?"

"Wanasubiri meza, Madam. Pamejaa."

(Meza zilikuwepo. Nne. Tupu.)

Yule mama akaja na jagi na beseni, kapiga magoti, katunawisha mmoja mmoja. Nikamkonyeza Madam, kwamba huduma kama hii Pangani ipo? Nikasema kwa sauti ya mteja, "Haya, mama, tuletee menyu."

"Chakula kipo, baba. Kinakuja chote."

Nikamgeukia Madam. "Ni bufee."

Kikaja chote kweli. Sato wazima watatu, mmoja kwa kila mtu, mkia unaning'inia nje ya sahani. Ugali, wali, mlenda, kuku wa kienyeji, na michembe (viazi vikavu) ya karanga pembeni ya kusindikizia. Madam alipokata kipande cha kwanza akafumba macho. Sijawahi kumwona bosi amefumba macho nje ya kikao. Akasema taratibu, "Kaimu. Huyu samaki yu hai."

Nikaiona barua. Nikauona na muhuri.

Alipochukua kichwa cha samaki, huko nyuma akina mama wakapiga vigelegele. Madam kashtuka. "Wanashangilia nini?"

"Ukarimu wa Kisukuma, Madam. Mteja akila, wanafurahi."

Masanja hakusema neno. Alikula kama anayekimbizana na saa. (Hii ikumbukeni.)

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikapiga makofi mawili. "Dada! Wewe dada! Pilipili, na ndimu! Na umwambie mpishi chumvi imepungua kidogo." Niliyemwita ni mama mwingine, mweupe, amejipamba kuliko wote, shanga hadi kwenye kilemba. Kaja mbio, kapiga magoti. "Tusamehe sana, baba. Tulihangaika tangu alfajiri." Nikamwambia asijali, atajifunza.

Atajifunza! Mdomo wangu huu.

Halafu nikatoa simu. Nikapiga picha ya meza, ya turubai, ya yule mama wa jagi akiwa magotini. Nikaituma kwenye kundi la Wakazi wa Lamadi na maneno haya, nayanakili yalivyo: "Nawashukuru wapendwa. Kwa Mama Kulwa: samaki nyota tano. Huduma nyota tano. Chumvi nyota tatu. Wahudumu ni watu wazima kidogo, mwenye hoteli aajiri vijana." Simu ikaanza kulia mfululizo, mlio juu ya mlio. Nikajua wananipongeza. Nikaigeuza kifudifudi, nikaendelea na mkia.

Tulipomaliza nikasimama, nikajifuta mdomo, nikauliza kwa madaha, "Jamani, nani anapokea hela hapa?"

Miiko huko nyuma ikasimama.

Kutoka ukutani akainuka mzee mmoja mwenye suti ya kahawia. Akacheka kwa upole. "Mkwe, hapa chakula hakiuzwi. Mimi ndiye Baba Kulwa. Mmeshiba, sasa tufahamiane." Akamwelekezea mkono Madam. "Huyu bila shaka ndiye mama mzazi wa kijana?"

Madam ana miaka thelathini na nane na hana mtoto.

"Na wewe," akanigeukia mimi, "ndiye mume wake."

Masanja akapaliwa na maji. Ndipo nikaanza kuunganisha vitu. Turubai. Maua. Vigelegele. Wazee kumi na kofia zao. Tumekula posa ya watu! Na si walituachia kwa uzembe. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta tumbo likiwa tupu. Unamkalisha, unamnawisha, unamlisha, ndipo unamuuliza. Mimi hilo nimefundishwa tangu utotoni, na leo nimeketi nalo mezani nikaliita bufee.

Kabla sijajibu, honi. Gari dogo limejaa vumbi likasimama nyuma ya pikapu yetu. Wakashuka watu wenye sare ya kitenge, na mbele yao mshenga, mikono myeusi kwa grisi. "Mtuwie radhi, wakwe zetu! Tumetoka Maswa alfajiri. Pancha mbili, na simu zimezima chaji!"

Akatazama meza. Kila mtu akatazama meza. Mezani kulikuwa na miiba mitatu mirefu, safi, hata paka asingepata kazi.

Baba Kulwa akauliza polepole, "Nyie ni akina nani?"

"Sisi... ni wa pamba," nikajibu.

"Nani kawaalika?"

"Kundi la... Wakazi wa Lamadi."

Hapo mzee mmoja wa ukutani akavaa miwani, akatoa simu yake mfukoni. Ndugu zangu, na yeye yumo! Akanyoosha mkono kuisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani: "Samaki... nyota tano. Huduma... nyota tano. Chumvi... nyota tatu." Akafuta miwani. "Wahudumu... ni watu wazima kidogo."

Yule mama wa jagi, ambaye kumbe ni shangazi wa binti, akashika kiuno. "Watu wazima?"

Na yule mweupe niliyempigia makofi, niliyemwambia atajifunza, alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye Mama Kulwa. Mama wa binti anayeposwa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, maana wakwe wa kweli wamefika na sato wa heshima wameisha. Hapo sikuona aibu tena, niliona huruma. Nilitamani niutapike ule mkia.

Aliyeokoa jahazi ni Madam. Akavua viatu vya ofisi, akaomba kanga, akajifunga kiunoni. "Mama, usilie. Masanja! Gari, mwaloni kwa wavuvi, leta sato wazuri kama hawa, juu yangu mie. Mafuta yawe motoni." Akaingia jikoni kwa watu kama kwao. Baada ya muda nikasikia akina mama wanacheka huko ndani, na sauti yake ndiyo imetangulia.

Mimi nikabaki nimesimama na tai yangu. Shangazi akaniletea jagi, beseni na taulo begani.

"Umesema wanatakiwa vijana," akasema. "Haya, kijana."

Nina miaka arobaini na tatu. Nikapiga magoti. Nikawanawisha wakwe wote kutoka Maswa, mmoja mmoja, kuanzia bibi hadi bwana harusi mtarajiwa, na goti la kulia lilikuwa linalia kama mlango wa stoo. Mshenga grisi yake ilichukua majagi mawili. Akanisifu, "Huduma nzuri hapa." Shangazi akamjibu, "Bado mgeni kazini. Anakaimu." Sijui nani alimwambia.

Posa imekubaliwa, nashukuru Mungu. Madam kaalikwa harusini, kakaa karibu na mama wa binti mpaka tunaondoka. Mimi pia nimealikwa. Nimeambiwa nije na taulo langu.

Kwenye gari nikamgeukia Masanja. "Wewe uligundua saa ngapi?"

"Tulipokuwa tunapaki, kaka."

"Na ukanyamaza!"

"Kaka, kulikuwa na sato."

Tukakaribia Bariadi. Nikajitia moyo, nikamuuliza Madam kama samaki alikuwa mzuri.

"Samaki sina neno," akasema. "Ila Kaimu, kazi ya stoo ni moja tu. Kabla hujafungua robota la pamba, uulize ni la nani."

Akageukia dirishani. Habari ya barua hatukuizungumza.

Nimefika nyumbani sasa hivi, goti nimelifunga kitambaa. Nimefungua kundi la Wakazi wa Lamadi. Kwanza nimejua Mama Kulwa wa hoteli yuko upande wa pili wa barabara, nyuma ya kituo kile kile, na leo alitusubiri na meza kaiweka akiba. Pili, mbuzi wa yule mama kapatikana. Tatu, kuna mtu kaandika: "Kwa wanaopenda bufee, Baba Kulwa ana binti mwingine, pacha wa pili, Doto. Tutawatangazia."

Chekeni, lakini msicheke kwa sauti, mke wangu yuko chumba cha pili na bado sijamwambia nimeolewa na bosi. Na kama kuna mwenye kupajua mahali pazuri pa kula samaki Lamadi, namwomba kwa heshima zote, akae napo.