Akiba Haiozi: Malalamiko ya Mtunza Jenereta

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Pokea salamu zangu kwa heshima na taadhima. Natumaini maji yaliyoingia ofisini kwako yameshapungua.

YAH: UTOVU WA ADABU DHIDI YA JENERETA

Mimi ni mtunza stoo wako, mwaka wa kumi na moja huu. Juzi mafuriko yaliangusha nguzo, umeme ukakatika hospitali nzima. Mara muuguzi wa wodi ya watoto njiti akanijia mbio, tope hadi magotini, eti niwashe jenereta. Nalalamika hivi:

1. Jenereta imeandikwa ubavuni YA AKIBA. Wahenga walisema akiba haiozi, hawakusema iwashwe. Ukishaitumia, akiba iko wapi?

2. Naifuta vumbi kila Ijumaa na kuifunika kitambaa cha kufuma, kazi ya mke wangu. Haijatoa moshi hata siku moja. Leo ichafuliwe kwa ajili ya mvua?

3. Nilimpa fomu. Imeandikwa wazi: dharura yoyote iombwe siku saba kabla. Akajibu kuwa mafuriko hayakumpa taarifa. Jamani, hilo nalo ni kosa langu?

4. Funguo za stoo ya dizeli, hata ule wa akiba, nimezifungia ndani, pamoja na dizeli, zisije zikapotea. Badala ya kunipongeza, akaniita mwenye roho ya korosho.

5. Alipokosa umeme aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, wakapata joto. Sasa kama kifua kinatosha, jenereta ya nini?

Naomba muuguzi huyo apewe onyo kali. Ikiwezekana, wagonjwa wahamishwe, maana ndio chanzo cha maombi haya yote.

Wasalimie nyumbani, wapishi, na mlinzi wa getini.

Wako mtiifu katika kutunza,
Mtunza Stoo

N.B. Hayo niliyaandika asubuhi. Mchana huu binti yangu amejifungua kabla ya wakati. Mjukuu ana kilo moja na robo. Nimevunja kufuli la stoo kwa shoka, nikatia dizeli, nikawasha. Kimya. Betri imekufa zamani, chini ya kitambaa. Akiba imeoza, Mheshimiwa.

Binti yangu alizirai baada ya kujifungua na hajazinduka, hivyo muuguzi yule yule amemfunga mtoto kifuani mwangu na kunikataza kuinuka. Mwandiko ukipinda, ni mjukuu anahema. Nayafuta malalamiko yote. La korosho alisema kweli. Leta fundi na betri sasa hivi, fomu tutajaza baadaye. Mashine ya oksijeni haiwaki bila umeme, na kifua hiki hakitoshi.