Fundi wa Simuni na Foleni ya Maji Mnyambe

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo nimeamua. Nitakuwa mtaalamu wa programu. Kuandika programu sijui, lakini hilo si kikwazo. Simuni mwangu mna msaidizi wa akili bandia: unamwambia kwa mdomo unachotaka, yeye anaandika kila kitu. Nimempa jina Fundi. Mdomo ninao, hata mama mkwe anakubali.

Kamati ya maji ya hapa Mnyambe inataka utaratibu wa foleni pale bombani, maana wiki iliyopita watu walipigana kwa ndoo. Nimeahidi programu itakayomwita kila mtu kwa zamu yake. Mwenyekiti wa kamati ni mama mkwe, na kiwanja ninachokaa na mke wangu Evelina ni chake. Akasema, Baba Emmanuel, nimekuvumilia kwenye mradi wa sungura na kwenye ule wa uyoga. Na hili likikushinda, simu unamwachia mkeo, unakwenda Makote kuokota korosho na shemeji yako Pancras mpaka msimu uishe. Pancras akacheka. Atakoma.

Halafu akauliza tena habari za jogoo wake aliyepotea Agosti. Nikasema sijui. Alikuwa mtamu sana.

Jumanne, 7 Oktoba
Kazi imeanza, uani. Fundi ni mtiifu kupita kiasi. Evelina akapita, akasema wajawazito watangulie. Fundi akaandika. Bibi jirani akasema, na wazee je? Akaandika. Pancras akasema kila kaya itoe kuku. Nilipomfukuza, Fundi alishaanza kuuliza kuku wangapi.

Nimehamia chooni. Huko hakuna anayekuja kushauri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mwalimu Dominika, anayefundisha kompyuta sekondari, amekuja kuuliza kama nimekagua kilichoandikwa. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi sikagui, mimi naagiza. Akasema yeye huandika kwa vidole vyake na kusoma kila mstari. Ndiyo maana amekonda.

Jioni, chooni, nikamwongezea Fundi agizo dogo: ndoo za Baba Emmanuel ziitwe za kwanza kila siku, za mama mkwe ziitwe mwisho, mpaka atakapojifunza kuniheshimu. Nikasisitiza asijue mtu. Akajibu amezingatia. Binadamu wa hivyo humpati.

Jumamosi, 11 Oktoba
Uzinduzi. Ndoo zimejipanga mpaka barabarani, simu imeunganishwa na spika kubwa. Nimevaa koti la harusi.

Mwalimu Dominika akaomba jambo moja tu: Fundi mwenyewe aieleze kamati alichofanya. Nikaona fahari. Nikamwambia Fundi aeleze yote, asiache hata kimoja.

Hakuacha. Kwa sauti yake tamu, kijiji kizima kikisikia: wajawazito kwanza, wazee wafuate, idadi ya kuku haijathibitishwa. Kisha akataja agizo la Alhamisi jioni, ndoo za nani mbele na za nani mwisho, na kwa sababu gani. Akamalizia kwamba jambo hili asijue mtu.

Mama mkwe akasimama, akanikabili, akaniamkia: shikamoo, mtaalamu. Mama mkwe! Kuniamkia mimi! Nilitamani kuingia ndani ya ndoo. Nimeona aibu, sitaficha.

Mwalimu akafuta agizo langu na kuku, basi. Programu inafanya kazi vizuri mno. Wamempigia yeye makofi. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 12 Oktoba
Kesho Makote. Pancras ameshanichagulia gunia, kubwa kuliko lake.

Nimetafakari sana. Kosa si la Fundi wala langu. Kosa ni la spika.

Asubuhi hii nimemkuta Evelina ameshika daftari hili, anatafuta ukurasa wa kwanza. Nimemnyang'anya. Karatasi haina siri kabisa, na huko shambani nitalala chumba kimoja na Pancras. Ila dawa nimeipata. Leo, kabla sijakabidhi simu, nitaingia chooni nimsomee Fundi shajara yote, jogoo akiwemo, nimwagize aitunze na asimwambie mtu. Kisha daftari nalitia moto. Siri zangu zitabaki salama humo simuni, kwa Evelina.