Mbio za Jumanne na Miguu ya Yaretzi

Abundio Mejorada,
Fundi Sofa na Viti vya Magari,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali,
Toluca.
Jumanne, 11 Machi

Kwa Kocha Wenceslao Urrutia,
Klabu ya Ndondi ya Ngazi Tatu,
Toluca.

Kocha mheshimiwa,

YAH: KUKIMBIZWA KWA BINTI YANGU MPAKA MIGUU IKAISHA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi kwenye kile kiti chako cha chuma ambacho mara tatu nimejitolea kukitia sponji bure, na mara tatu ukakataa ukisema ngumi na starehe hazilali nyumba moja. Mimi si mzima sana, ila hilo litajieleza lenyewe huko mbele.

Ni mimi baba yake Yaretzi, yule binti wa kilo hamsini na nne ambaye ngumi yake ya kushoto wewe mwenyewe uliwahi kuiita mlango uliofungwa na upepo. Wiki iliyopita ulikata jina lake kwenye orodha ya watakaokwenda León mwezi ujao kwenye mashindano. Ulilikata kwa wino mwekundu, mbele ya watu, na ukapiga mstari mara mbili, labda kwa kuhofia kwamba wa kwanza usingetosha. Kwa unyenyekevu wote naomba kukuonyesha kwamba kosa si la binti. Kosa ni la ratiba yako ya kukimbia. Hoja zangu ni hizi:

1. Ulingo wenu una hatua sita kwenda na sita kurudi, na umezungushiwa kamba ili mtu asipotee. Sasa mtu anayepigana ndani ya zizi la ukubwa huo anatafuta nini kilomita tano kutoka nyumbani? Mimi natengeneza sofa mwaka wa thelathini huu. Sijawahi kuizungusha sofa mtaa mzima ili ijifunze kukaliwa.

2. Mwezi Januari nilikuja kwako kwa adabu nikakueleza kwamba binti hawezi kukimbia peke yake saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana barabara ya matofali ina mbwa wanane na taa moja. Ukasema, "Basi msindikize, Don Abundio." Nikaja na baiskeli. Ukaitazama kama vile nimekuja na punda. "Baiskeli hapana," ukasema. "Inampa mwendo usio wake. Kimbia naye au baki kitandani."

Kocha, nina miaka hamsini na sita na kilo tisini na nane. Doña Chelo, muuza tamale za unga wa mahindi barabarani, aliyekuwa akiniamkia kwa heshima miaka yote, siku hizi hupaza sauti kutoka nyuma ya sufuria lake: "Don Abundio, unakimbia au unasubiri basi?" Juzi alinipa kikombe cha uji wa mahindi nikiwa katika kasi yangu ya mwisho kabisa, na halikumwagika hata tone. Mbwa nao wamechoka kunibwekea. Wanatembea kando yangu kimya kimya kama jamaa msibani.

3. Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ratiba iliyobandikwa kwenye friji yangu, yenye muhuri wa klabu yako, inasema Jumanne asubuhi ni kilomita kumi, mpaka kilima cha msalaba na kurudi. Jumanne hiyohiyo jioni ndipo mnapowapandisha ulingoni wapigane wenyewe kwa wenyewe. Nakuuliza kama mzazi: ni akili gani ya kumkamua mtu asubuhi kama ndimu, halafu jioni kumwambia atoe juisi?

Jumanne iliyopita tulipanda kile kilima. Binti alisimama katikati, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Baba, leo jioni nina Marisol ulingoni." Nikamwambia, "Kocha anajua anachofanya." Tazama jinsi nilivyokuwa mtetezi wako! Jioni nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la mbao, nikamwona Marisol, binti ambaye Yaretzi amekuwa akimshinda mwaka mzima, akimsukumia ngumi moja ya kawaida tu, ya kuombea chumvi mezani. Mwanangu akakaa chini. Hakuanguka, Kocha. Alikaa, kama mtu aliyefika nyumbani.

4. Ndipo wewe ukapiga kelele mpaka vioo vikatikisika: "Miguu yako iko wapi, Mejorada?" Naye akakujibu, "Nimeiacha barabarani, Kocha." Watu wakacheka. Wewe ukadhani ni ujeuri. Ukasema mtu anayelala ovyo na kujibu ovyo hafai kuwakilisha hata mtaa wa mtu mwingine, ukaitisha kalamu nyekundu. Lakini binti hakuwa na ujeuri wowote. Alikuwa anakupa taarifa. Miguu ilikuwa barabarani kweli. Mimi nilikuwepo ilipoachwa.

5. Leo ni Jumanne tena. Nimegonga mlango wake saa kumi na moja kamili kama kawaida. Akasema, "Nenda mwenyewe, Baba. Mimi sina tena ninapokimbilia." Nimekaa sebuleni na viatu vyangu vya mbio miguuni mpaka saa tatu. Mteja amekuja kuchukua kiti chake, akaniona, akaondoka polepole bila kukiulizia.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Kwanza, jina la Yaretzi lirudishwe kwenye orodha, kwa wino mweusi. Pili, kukimbia kufutwe kabisa katika mchezo wa ngumi, na chama cha ndondi cha jimbo kiarifiwe. Tatu, kama haiwezekani kufutwa, basi akimbie kocha, maana yeye hana pambano jioni. Nne, kilima cha msalaba kiondolewe. Naelewa hili la nne lina ugumu wake.

Nisalimie mama watoto, nisalimie Marisol na umwambie sina kinyongo ingawa ninacho, nisalimie na wale vijana wa uzito wa juu ambao kila wakiniona huniuliza nitapigana lini. Wazazi wenzangu wa benchi la mbao wote wape heri, ila yule aliyecheka kwa sauti kuliko wenzake mpe nusu tu.

Ni mimi, niandikaye nikiwa nimenyoosha goti juu ya kigoda,

Abundio Mejorada

Nakala: Padri wa mtaa, Doña Chelo (asomewe).

Nyongeza:

Kocha, nilikuwa nabandika bahasha. Nikaenda kuibandua ratiba kwenye friji ili niiambatishe kama ushahidi, na nikavaa miwani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zimechapwa kwa mashine. Ni zako. Jumanne, Alhamisi na Jumapili zimeandikwa kwa penseli bapa ya kuchoria vitambaa, na penseli hiyo mtaa mzima ninayo mimi peke yangu.

Sitasema nilisahau. Tangu mama yake ahamie Puebla, Yaretzi akiwa nyumbani huongea na simu yake. Barabarani huongea na mimi. Ananieleza kuhusu kazi yake ya duka la dawa, kuhusu wateja wanaotaka dawa ya wivu, kuhusu León. Mimi siwezi kujibu kwa sababu ya pumzi, kwa hiyo anaongea yeye tu, na sijawahi kusikia maneno mazuri kama hayo. Siku tatu zilinitosha Januari. Februari hazikunitosha. Aliponiuliza, "Kocha kaongeza?" nikasema, "Kaongeza."

Nimegonga mlango wake nikamweleza yote. Kisha akasema, "Kwa hiyo Jumapili zote zile nilipaswa kulala?" Nikasema ndiyo. "Na Marisol?" Nikasema hata kwa Marisol kosa ni langu. Akavaa koti, akaja yeye mwenyewe kuninyang'anya penseli, akaivunja vipande viwili.

Mrudishe kwenye orodha, Kocha. Wino wowote utafaa. Yeye anasema atakuja huko jioni kukuomba mambo mawili: nafasi yake, na kupangiwa mtu wa kupigana naye Alhamisi. Mtu huyo ni mimi. Naomba kofia ya kujikinga, namba kubwa kuliko zote mlizonazo.

Naona pia ratiba yako iliyochapwa inasema siku ya ulingo mtu asikimbie kabisa asubuhi, akae, ale vizuri, apumzishe miguu. Ni ratiba nzuri sana, Kocha. Isiguswe hata nukta.