Mkwe Wangu Ndani ya Albamu ya Mwisho

Leo nimeaibika mpaka mbuzi wa jirani wameona haya kwa niaba yangu.

Mnaijua bendi yetu, Radi ya Juru, kwa jina la mtaa wetu. Bendi kubwa ya rock kupita zote hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale (ndiyo, iko peke yake, asante kwa kunikumbusha). Sasa inavunjika. Mpiga ngoma amekwenda Australia, wa besi anangoja ndege ya Kanada, nami nimebaki na sauti yangu na cheti cha shule ya jioni. Tukasema tusife bure. Tuache albamu ya mwisho ambayo dunia itaililia.

Kabla mpiga ngoma hajapanda ndege tulirekodi Mbarara, studio moja kule Kamukuzi, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Kwetu Wakongo, wimbo usiotaja majina ya wakubwa haujaiva. Nikapanga kumtaja Papa Natanaeli, kiongozi wa kwaya ya wazee, mwenye ng'ombe, na mwenye Furaha. Furaha ni binti yake. Mmeshaelewa. Mzee huita rock "kelele ya watu wenye njaa", lakini niliamini akisikia jina lake redioni atanipa mtoto, na kikombe cha maziwa juu yake.

"Ongea tu, sebo, napima sauti," fundi akaniambia. Fundi ni Mnyankole ("sebo" kwao ni "bwana"), Kiswahili chake cha sokoni. Nikaongea. Nilisema vitu vya kuwachekesha wenzangu, wakacheka. Kisha tukarekodi kweli. Jana CD zikanifikia kwa pikipiki. Sikuzisikiliza (bingwa hajisikilizi).

Leo baada ya ibada, kwa Papa Natanaeli kumejaa. Kwaya nzima ya wazee iko kwenye mabenchi. Redio ya CD juu ya kiti, betri ya sola chini. Mzee amevaa koti analovaa kwenye harusi tu.

"Kijana, jina yangu iko mule ndani?"

"Iko, papa. Tena mara mingi."

"Basi tusikie. Kisha tutaongea ile mambo ya Furaha."

Wimbo wa kwanza, jina lake likapita kifalme: Papa Natanaeli, simba wa Juru. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Mama Furaha akaniongezea chai. Mimi tayari nachagua majina ya watoto.

Wimbo wa pili ukaanza bila gitaa. Kimya. Halafu sauti yangu, safi kama ya mtangazaji:

"Testi, testi. Papa Natanaeli akiimba mu kanisa, ng'ombe yake yote inakataa kutoa maziwa."

Fundi aliipenda. Akaiwekea mwangwi. Inakataa, inakataa, inakataa. Gitaa zikaingia kwa kishindo, na kila kiitikio ng'ombe wakarudi kukataa upya.

Nikarukia redio.

"Acha," mzee akasema.

Nikaacha. Tukasikiliza wote, mpaka mwisho. Ndio wimbo mrefu kuliko zote.

"Ile sauti ni ya nani?"

"Papa, ile... fundi wa Mbarara alichanganya."

"Fundi wa Mbarara anajua ng'ombe yangu?"

Hilo shule ya jioni haikufundisha. Furaha alijifunika kitenge usoni, mabega yakimtetemeka. Nikadhani analia. (Hakuwa analia.)

Nikaenda nyuma ya jiko kumpigia fundi.

"Sebo, ile ndiyo ilikuwa tamu kupita zote," akanijibu. "Sikujua unasema nini, lakini ulisema na roho yote."

Niliporudi, mzee alikuwa bado amekaa, koti limefungwa vifungo vyote.

"Binti sijakunyima," akasema. "Lakini bendi yako imekufa, si ndiyo? Kuanzia Jumapili inayokuja utaimba mu kwaya, pembeni yangu. Siku ng'ombe itakubali sauti yako, njo tutaongea ya mahari."

Mazoezi yanaanza kesho asubuhi. Yeye na mimi, zizini, wakati wa kukamua.

Msicheke. Na mnaotaka kuniombea, anzeni na ng'ombe.