Siku Nilizokataa Kucheza Utukufu

Jumapili, 25 Mei 2025
Historia imeandikwa leo, na mwandishi ni mimi. Miaka ishirini na miwili nimeongoza kwaya ya parokia. Kilatini safi, sauti nne. Sasa padri Théodore amempa Arielle fimbo yangu ya kuongozea. Arielle, msichana wa gitaa na ngoma tatu! Leo wimbo wa Utukufu ulipoanza, kanisa zima likasimama na kucheza kama kawaida. Mimi nikaketi, mikono kifuani. Uasi! Pentekoste askofu anakuja. Ataona mtu mmoja ameketi, atauliza sababu, nami nitarudishiwa fimbo. Mathieu, mwimba besi wangu wa zamani, ameapa kuketi nami.

Jumanne, 27 Mei
Mke wangu Colette amewafungulia mlango wamama watatu wa Legio ya Maria, wale wanaotembelea wagonjwa. Wameleta mafuta ya kuchua. Wanasema asiyecheza Utukufu ana msiba au ana miguu mibovu, na msiba wangeusikia. Nikawaeleza kwa kirefu kwamba huu ni upinzani. Wakaitikia kwa huruma, wakanivua viatu. Mafuta ni mazuri, nakiri. Msimamo ni uleule.

Jumapili, 1 Juni
Nimeketi tena. Mathieu alivumilia ubeti mmoja, kisha akainuka kucheza na mkewe. Msaliti! Kwenye matangazo padri akaomba sala kwa ajili ya magoti ya baba yetu, papa Stanislas, yaani yangu. Arielle akaleta kiti chenye mto, akakiweka mbele kabisa.
“Papa, ikala tu. Minye niko nakuombea.”
Nilitaka kukataa. Lakini kiti kile kitakuwa hatua nne tu kutoka kwa askofu. Binti amejipalia makaa mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Utukufu ukachezwa, nikaketi kifalme. Askofu akaniona! Baada ya mahubiri akanijia moja kwa moja. Nilikuwa nimekariri hoja saba. Kabla sijatoa ya kwanza, akanipaka mafuta ya wagonjwa, kwenye paji la uso na viganjani. Mtu hakatizi sakramenti.
Kisha matoleo. Ngoma ikachelewa nusu pigo. Nusu pigo, mbele ya askofu! Nani angevumilia? Nikasimama kuwaonyesha pigo linakaa wapi. Kwa miguu, kwa mabega, kwa kiuno. Nilizunguka altare yote. Vigelegele! Wamama wa Legio wakalia machozi kwamba nimepona.

Jumatatu, 9 Juni
Askofu amesema ngoma zilizomwinua mgonjwa zisiguswe. Fimbo imebaki kwa Arielle. Iliniuma, kwa saa moja hivi. Lakini jana nani alitazamwa na kanisa zima? Mimi.
Kosa langu lilikuwa moja tu: niligoma kwa miguu. Kuanzia Jumapili ijayo nitacheza vizuri kuliko wote, ila sitapiga makofi. Hilo hakuna atakayelielewa vibaya. Nimefanya mazoezi leo mezani, mikono kifuani, sahani ya bukari, ugali wetu, ikipoa mbele yangu. Colette akanitazama, akaenda kuchukua ile chupa ya mafuta ya wamama.
“Sasa mikono nayo inakuluma?”